Vikuza Sauti Viwili na Masikio ya Watu wa Majengo

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo pengine mtaliona dogo, walakini katika nyumba moja ya Majengo, mjini Sumbawanga, lilikuwa karibu kuondoa magunia sita ya mahindi. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiwa na vikuza sauti viwili, kimoja cha bei ndogo na kimoja cha bei kubwa, je, ni kweli kwamba sauti zake hutofautiana masikioni, au macho ndiyo yanayotofautisha na kuyaambia masikio?

Kabla ya kuingia Majengo yafaa tufahamu chombo chenyewe, maana watu wengi huona sanduku moja tu, nao hawajui kilichomo. Wimbo utokao katika simu au katika redio huja kwa waya ukiwa umeme dhaifu sana, usioweza kuitikisa spika. Kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya, huupokea umeme ule dhaifu na kuufanyia mfano wake wenye nguvu, kwa kutumia umeme wa ukutani au wa betri. Katika zile sabufa zilizoenea mijini na vijijini, kikuza sauti kimefichwa ndani ya sanduku pamoja na spika ya besi. Katika vyombo vingine husimama peke yake, na spika huwekwa mbali. Kazi yake ni hiyo tu. Kikuza sauti hakiimbi wala hakipigi ngoma. Kikitoa mfano ulio sawasawa na kile kilichoingia, ila mkubwa zaidi, kimetimiza wajibu wake.

Katika nyumba tuliyoitaja walikuwako ndugu wawili. Mkubwa afanya biashara Tunduma, mpakani mwa Zambia. Mdogo alima pamoja na mama yao katika shamba lililo nje ya mji. Mdogo alikuwa na kikuza sauti kikuukuu alichokinunua kwa fundi, na spika mbili za mbao. Siku moja mkubwa akaja na kikuza sauti kipya, kizito, chenye uso wa kung'aa na taa za buluu. Akakiunganisha na spika zile zile, akapiga wimbo ule ule. Watu wote waliokuwamo chumbani wakasema kwa kinywa kimoja kwamba sauti imekuwa nyingine: besi imekuwa nzito, na maneno ya mwimbaji yasikika wazi. Mdogo akanyamaza. Usiku ule akamwambia mama yake kwamba ataka kuuza magunia sita apate kununua kama kile. Mama akamjibu, "Mwanangu, magunia hayo ndiyo mbolea yetu." Maana huko Ufipa mvua huanza yapata mwezi wa Novemba, na ardhi ya uwanda ule imelimwa sana, asiyepata mbolea kabla ya kupanda aghalabu huvuna haba.

Sisi tulifika nyumbani humo kwa shughuli nyingine, tukaombwa tuamue. Kuamua hatukutaka, kwa kuwa masikio yetu si bora kuliko ya watu wengine. Tukasema afadhali masikio yao wenyewe yaamue, ila kwa njia isiyoyaruhusu macho kutoa ushahidi. Ndipo alipoitwa fundi wa redio wa jirani, naye akaja na mita yake.

Jambo la kwanza alilolifanya fundi ni lile ambalo watu wote walikuwa wamelisahau. Alipiga katika simu mlio mmoja mnene, usiopanda wala kushuka, akapima volti zilizofika penye spika. Kikuza sauti kikuukuu kilitoa volti 2.0. Kile kipya, kitufe chake kikiwa pale pale ndugu mkubwa alipokiacha, kilitoa volti 2.6. Tena kitufe chake cha besi kilikuwa kimezungushwa kupita katikati. Ndugu mkubwa aliapa kwamba hakukigusa, nasi twamsadiki.

Hapo pana jambo linalostahili kufahamika vizuri. Sauti moja ikiizidi nyingine kidogo tu, sikio halisemi, "Hii ni kubwa zaidi." Lasema, "Hii ni nzuri zaidi." Wataalamu hupima ukubwa wa sauti kwa kipimo kiitwacho desibeli, na tofauti iliyopo baina ya volti 2.0 na volti 2.6 ni desibeli 2 na zaidi kidogo. Yatosha kabisa kumfanya mtu mwaminifu aape kwamba chombo kimoja ni bora. Tena sikio la binadamu lina desturi nyingine: sauti ikiwa ndogo, besi hupungua masikioni kuliko sauti za katikati, sauti ikikuzwa, besi hurudi. Desturi hiyo ilipimwa huko Marekani na mabwana Harvey Fletcher na Wilden Munson, na habari zake zikatolewa mwaka 1933. Kwa hiyo ile "besi nzito" iliyosifiwa Majengo ilikuwa na baba wawili: kitufe cha besi, na volti zilizozidi. Wenye kujaribu vyombo hivi kwa uangalifu huvisawazisha mpaka tofauti isizidi sehemu ya kumi ya desibeli moja, ambayo kwa volti ni kama sehemu moja katika mia. Ni kazi ya mita. Sikio peke yake haliiwezi.

Fundi akarudisha vitufe vya besi katikati, akasawazisha volti, akazipima mara mbili. Kisha vikuza sauti vyote viwili vikawekwa katika chumba cha kulala, nyuma ya pazia la mlango, na spika zikabaki mahali pake mbele ya watu, ili mtu asije akasema kwamba pazia limeziba sauti. Mtoto mmoja wa darasa la sita akapewa sarafu ya shilingi 200. Kila mara aliirusha. Ikionyesha simba, fundi aliunganisha kikuza sauti kipya. Ikionyesha upande wa pili, aliunganisha kikuukuu. Fundi hakuruhusiwa kusema neno, na mtoto aliandika kila kitu katika daftari. Msikilizaji hakuwa na kazi nyingine ila kusema, "Kipya," au, "Kikuukuu." Tulifanya hivyo mara 16.

Ndugu mkubwa alipata nne za kwanza bila kosa, akacheka, na sisi tukadhani mambo yamekwisha. Za katikati zikamkimbia. Daftari liliposomwa, alikuwa amepata 9 na kukosa 7. Mdogo alipata 7 na kukosa 9. Mama hakutaka kushiriki. Alikuwa akichagua maharage, akasema tu kwamba yeye asikia mwimbaji yule yule.

Huenda mmoja wenu atasema kwamba 9 ni nyingi kuliko 7, basi ndugu mkubwa amejua kidogo. Hesabu haimsaidii. Mtu asiyesikia kitu chochote, akijibu kwa kubahatisha mara 16, kwa kawaida atapata 7, au 8, au 9. Kupata 12 au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara moja katika majaribio 26 ya namna hii. Basi mtu akipata 12 twaweza kuanza kumsikiliza kwa heshima, na akipata 15 au 16, sharti tukubali kwamba amesikia. Ninyi wanafunzi mwaweza kulijaribu jambo hili kwa sarafu na karatasi tu, bila ya chombo chochote, mjionee.

Ndugu mkubwa alileta hoja moja ambayo hatukuiona ya kipuuzi. Alisema kwamba kubadilisha upesi upesi kwachosha, na ya kwamba tofauti ya kweli hujulikana mtu anapokaa na chombo siku nyingi katika utulivu. Tukakubali. Fundi akafunga kimojawapo ndani ya sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, ndugu mkubwa asikilize kila jioni na kuandika ni kipi, na asubuhi fundi apite na kurusha sarafu tena. Jioni ya kwanza alikosa, ya pili akapata, ya tatu akakosa, na ya nne umeme ukakatika siku mbili, naye akarudi Tunduma. Hatusemi kwamba jioni tatu zathibitisha neno lolote.

Walakini si watu wa Majengo peke yao waliojaribu. Huko Uingereza mwaka 1978, kampuni ya Quad, iliyoasisiwa na Bwana Peter Walker, ilikuwa na vikuza sauti vya miaka mbalimbali, kimoja cha valvu na viwili vya transista. Bwana James Moir akawakusanya wasikilizaji hodari, akawaficha vyombo, na hawakuweza kuvipambanua kuliko kubahatisha. Mwaka 1987 gazeti moja la Marekani, Stereo Review, liliwajaribu watu 25 kwa vikuza sauti sita, bei zake zikiwa toka kama dola 220 hata dola 12,000; majibu yao yalikuwa karibu nusu kwa nusu, na katika watu hao walikuwamo wenye kuamini sana tofauti. Tena yuko Mmarekani mwingine, Bwana Richard Clark, ambaye kwa miaka mingi aliweka dola 10,000 za kumpa mtu yeyote atakayetambua vikuza sauti viwili mara 24 bila kosa, baada ya kusawazishwa na visizidishiwe nguvu zake. Wengi walijaribu. Fedha hazikuchukuliwa.

Mtu aweza kuuliza: yawezekanaje chombo cha bei ndogo kiwe sawa na cha bei kubwa? Jembe la bei ndogo halilingani na jembe jema! Jibu limo katika wazo lililomjia mhandisi Mmarekani, Harold Black, asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa katika kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini. Kazi yake ilikuwa kuboresha vikuza sauti vya simu za masafa marefu, ambavyo viliharibu maneno kila yalipopita. Akafikiri hivi: kama sehemu ndogo ya sauti iliyotoka itarudishwa mlangoni na kulinganishwa na ile iingiayo, basi chombo chenyewe kitaliona kosa lake na kulipunguza. Hakuwa na karatasi nyingine, akaandika wazo lake juu ya gazeti alilokuwa akilisoma. Tangu njia hiyo ilipoenea, na hasa zilipokuja transista za bei ndogo, kosa la kikuza sauti cha kawaida limepungua mpaka likawa chini ya kile ambacho sikio la binadamu laweza kukidaka. Ukiwa umekwisha kufika chini ya hapo, fedha utakazoongeza zaweza kununua nguvu zaidi, chuma kizuri zaidi, taa za buluu, na maisha marefu ya chombo. Sauti nyingine hazinunui.

Lakini asije mtu akatunukuu kwamba vikuza sauti vyote ni kimoja. Hatukusema hivyo, na Majengo penyewe palituonyesha.

Juma lile jirani alikuwa akimwaga binti yake aliyekuwa akienda kuolewa, na spika zile zikatolewa uani. Watu walikuwa wengi, wakataka sauti kubwa. Kikuza sauti kikuukuu kilipofikishwa karibu na mwisho wa kitufe, sauti ikaanza kukwaruza, na makofi ya wimbo yakawa kama bati linalopigwa kwa fimbo. Kiliondolewa, kikawekwa kile kipya, na kukwaruza kukaisha. Hapakuwa na haja ya pazia wala sarafu. Sababu yake ni kwamba kila kikuza sauti kina kimo chake. Ukikilazimisha kupita kimo hicho, vilele vya mawimbi hukatwa, na kilichokatwa hugeuka kuwa sauti ngeni isiyokuwamo katika wimbo. Jambo hilo huweza hata kuunguza spika zile ndogo za sauti nyembamba. Umeme wa jioni ukipungua chini ya zile volti 230 zinazotazamiwa, vyombo vingi hufikia kimo chao mapema zaidi. Kwa hiyo ndugu mkubwa alikuwa na haki uani, hata kama hakuwa nayo chumbani.

Tofauti nyingine ni kasoro. Kikuza sauti chenye kuvuma chinichini hata wimbo unapokuwa umenyamaza, au chenye kutoa upande mmoja kidogo kuliko mwingine, kitajulikana na mtu yeyote mwenye masikio, na dawa yake ni fundi, wala si kuuza mahindi. Tena viko vile vya valvu, vinavyopendwa na matajiri wengine hata leo. Baadhi yake havina uwezo wa kuishika spika imara, na kwa hiyo sauti hupanda hapa na kushuka pale kwa kufuata tabia ya spika. Tofauti hiyo husikika, na wako waipendao. Lakini mwaka 1985 Bwana Bob Carver wa Marekani alijifungia hotelini pamoja na kikuza sauti cha bei kubwa sana kilichochaguliwa na wahariri wa gazeti la Stereophile, akakirekebisha kikuza sauti chake cha bei ndogo kidogo kidogo, akipima, mpaka kikawa na tabia ile ile. Wahariri, ambao mwanzoni walizisikia tofauti, wakashindwa kuvipambanua. Sisi twaona hadithi hiyo yafundisha kuliko zote, kwa sababu yaonyesha kwamba pale tofauti ilipokuwapo, ilipimika na kuondoleka.

Kabla hatujamaliza, neno moja juu ya wati. Mbele ya sabufa nyingi huandikwa wati maelfu kwa maandishi makubwa, pamoja na herufi PMPO. Geuza chombo, usome kibandiko kidogo kilicho nyuma karibu na waya wa umeme. Pengine utakuta kwamba chombo chenyewe chala wati 60 tu kutoka ukutani. Kitawezaje kutoa maelfu mfululizo, ilhali hakikula hata mia? Tena fahamuni kwamba wati 20 hazisikiki mara mbili ya wati 10. Tofauti ni desibeli 3 tu. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, zahitajika wati kama mara kumi, yaani 100 mahali pa 10. Kwa chumba cha kawaida chenye watu wanaozungumza, wati chache za kweli zatosha.

Basi fedha ziende wapi? Ndugu mdogo aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Fundi hakumjibu kwa maneno. Aliichukua spika moja iliyokuwa imesimama pembeni kabisa mwa chumba, akaisogeza hatua moja kutoka ukutani, kisha akaipandisha juu ya kiti, ikawa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Chumba kizima kikageuka kumtazama. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kubwa kuliko zote tulizozisikia siku ile, nayo haikugharimu hata senti. Pembe ya chumba huizidisha besi. Ukuta mtupu huirudisha sauti. Bati lisilo na dari na sakafu ya saruji huifanya irukeruke. Na spika zenyewe hutofautiana kabisa, hata mtoto aweza kuzitambua amefumba macho. Mtu mwenye akiba kidogo na atafute spika njema, atandike mkeka, atundike kitambaa kizito ukutani.

Magunia hayakuuzwa siku ile. Yalikuwa yamepangwa chumbani humo humo, nyuma ya viti, sita kwa safu mbili. Mwezi wa Novemba ulipokaribia mama akayauza, akanunua mbolea, wakapanda. Baadaye ndugu mkubwa alipokuja tena kutoka Tunduma, aliketi, akasikiliza wimbo ule ule katika kikuza sauti kile kile kikuukuu, akatikisa kichwa. Akasema kwamba sasa ni dhahiri chombo kimechakaa, maana sauti yasikika kama mtu anayeimba kisimani. Mdogo wake akamwonyesha mahali magunia yalipokuwa.